Sanduku la Sita Kutoka Kulia

Mwaka wa tisini na saba, miezi michache kabla ya mvua za El Nino, niliajiriwa kupanga mawe. Ukicheka, hutakuwa wa kwanza. Kwetu Msambweni nilikuwa nikisomesha watoto chuo cha Kurani, wale wadogo wa alifu na bee, na majirani waliponiona nikivaa buibui alfajiri kwenda upande wa Kikoneni kwenye mtambo wa kuchimba kisima, waliniuliza kama watoto wa chuo wamekwisha. Niliwajibu kwamba malipo ya chuo ni dua, na dua haipikwi. Nina ulimi mbaya, na hilo lijulikane mapema.

Lakini si mshahara tu ulionipeleka. Dada yangu alikuwa ameolewa huko, kijiji kile kile kilichochimbiwa kisima. Ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Yeye na wanawake wenzake waliteka maji lamboni, ng'ombe wakiingilia upande mmoja nao upande wa pili, na katika ukame ule lambo lilikuwa limebaki tope la kijani. Dada alikuwa akiyachuja maji kwa leso kuukuu, akisema bismillahi, kisha anakunywa huku mimi nikitazama pembeni. Siku nilipomwambia nimepata kazi ya kisima alinishika mikono yote miwili.

"Mdogo wangu," akasema, "mwaka huu nitakunywa maji uliyoyatoa wewe."

Mkubwa wetu kazini alikuwa mtaalamu wa miamba kutoka bara, mtu wa kanisa, mpole asubuhi na mkali ikifika saa sita. Wachimbaji walimwita injinia, nami nikamwita hivyo hivyo. Alisema "hii mawe" na "ile maji", na mimi, kwa ubaya wangu, nilikuwa nikimsahihisha mbele ya watu. Alivumilia mara mbili tatu. Baadaye akaacha kunijibu.

Hata hivyo alinifundisha. Alikuwa na vipande vya jiwe la mchanga alivyovitoa kwenye kisima kingine, vinene kama mchi wa kutwangia, na alivitumia kunieleza kama ninavyoeleza mimi herufi. Jiwe lile, alisema, lilikuwa mchanga mtupu, ungeweza kuuchota kwa viganja. Ukafukiwa na mchanga mwingine, na mwingine juu yake, mpaka uzito ukazibana chembe zikagusana. Kisha maji ya moto ya chini yakapita katikati yake, yakaacha gundi ngumu kama kioo. Chembe nyingine nyeupe, zilizo laini, zikaoza zikawa udongo wa kuziba njia. Kadiri jiwe linavyozikwa chini zaidi, ndivyo vitundu vyake vinavyozidi kufungwa. Ukitaka kujua hali yake, liache likauke, kisha lidondoshee tone la maji. Tone likikaa juu, jiwe limeziba. Likinywewa, hapo pana kisima.

Siku moja aliniambia kwamba ng'ambo kuna watu wameanza kuizika gesi ya kaboni katika miamba ya namna ile, chini ya bahari. Gesi ikichanganyika na maji ya huko chini, maji yanakuwa makali kama soda, na ukali ule unakula chembe fulani, unafungua vitundu, halafu mahali pengine unaacha chembe mpya na kuvifunga.

"Kumbe jiwe nalo likizikwa halipumziki," nikamwambia.

Alicheka, akasema ningefaa kusoma chuo kikuu. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu kwa miaka nilijaribu kumfanya awe mbaya.

Mtambo ulipokwisha kupita mita kumi za juu, ambazo zilikuwa udongo na jiwe lililooza tukazitupa, malaria ikamlaza injinia hospitalini Ukunda kwa wiki mbili. Kazi haikusimama. Wachimbaji walitoa vipande vya jiwe, mimi nikaviosha na kuvipanga ndani ya masanduku marefu ya mbao, mita tano kila sanduku, mpaka yakatimia kumi na sita. Kina cha kila moja nilikiandika kwa chaki kwenye kifuniko. Masanduku yenyewe niliyalaza chini ya kibanda cha makuti, safu moja, la kwanza mwisho wa kulia, la pili kushoto kwake, hivyo hivyo mpaka la mwisho. Hakuna aliyeniambia nianzie wapi. Mkono wangu ulianzia pale unapoanzia siku zote, kwa miaka ishirini ya kuandika alifu na bee kwenye ubao wa chuo.

Injinia alirudi amekonda, macho ya njano. Alifungua vifuniko vyote akavirundika nje ili mwanga uingie, akashika daftari, akaanza kutembea kutoka kushoto kama mtu anayesoma gazeti.

Alidondosha maji sanduku baada ya sanduku, na matone yakakaa juu. Alipofika la kumi na moja kwa hesabu yake, tone likazama. Akarudia, likazama tena. "Madam, kuja uone maajabu!" Nilikuwa sijamwona na furaha ile. Jiwe la juu limeziba, akasema, na hapa chini, mita sitini na zaidi, limefunguka! Kwa kawaida ni kinyume. Basi lazima maji makali yalipita huku chini zamani, yakazila zile chembe nyeupe, kama alivyonieleza habari ya gesi. Aliandika haraka haraka, jasho likimtiririka.

Nikalitazama sanduku. Ndani yake mlikuwa na kipande kilichovunjika mara tatu, kimefungwa kwa uzi mwekundu wa leso. Uzi ulikuwa wangu. Kipande kile kiliniponyoka Ijumaa ya kwanza, nikiharakisha kuondoka. Siku hiyo mtambo haukuwa umefika hata mita arobaini. Lile lilikuwa sanduku la sita, kutoka kulia.

"Injinia," nikasema, "sanduku hilo..."

Hakugeuka. "Madam, kazi yako ni kupanga. Kusoma niachie mimi."

Wachimbaji wakacheka. Mimi, niliyefundisha nusu ya watoto wa mtaa kusoma, naambiwa kusoma si kazi yangu. Nikasema moyoni, haya, soma basi.

Zilipita siku nne kabla bomba halijashushwa. Siku nne ni nyingi. Siku ya tatu nilimpelekea chai nikiwa nimeazimia kusema, akapokea kikombe bila kuinua uso, nami nikarudi na maneno yangu. Nilijiambia ni kiburi chake. Lakini na mimi niliogopa: wakijua nimepanga kinyumenyume, watanicheka mpaka Msambweni. Bomba lenye matundu ya kuingizia maji likakaa mita sitini. Kule juu lilikotoka jiwe la sanduku la sita likapita bomba zima, lisilo na tundu, na saruji ikamiminwa kuzunguka.

Siku ya kufungua pampu ilisomwa Fatiha. Zikatoka ndoo mbili, kisha pampu ikakohoa upepo. Injinia aliandika kwamba mwamba umeziba, mtambo ukaondoka. Dada alinipiga bega. "Usijilaumu," akasema. "Wewe ulifanya ya mikono yako." Akachukua ndoo yake kwenda lamboni.

Mvua zilipokuja, zilikuja zote. Vyoo vilifurika vikaingia lamboni, na kipindupindu kikaanza nyumba za bondeni. Dada aliugua alfajiri. Njia ya kwenda hospitali ilikuwa imekatwa na mto. Walimbeba kitandani, nami nikakutana nao njiani, kwenye tope, adhuhuri, wakiwa wamekwisha kumweka chini. Nilimwosha mwenyewe. Maji ya kumwoshea hayakuwa na tabu, yalikuwa yakimwagika kutoka kila paa.

Mwaka uliofuata ulikuja mtambo mwingine, watu wengine. Nilikuwa nimekwenda kuwaona watoto wa dada. Wageni waliuliza kama pana haja ya kupima tena, au wahamie kijiji kingine kilichokwisha kuwaomba. Shemeji yangu akawaambia wamuulize mtu aliyeyashika yale mawe kwa mkono wake. Akaniita.

"Shemeji, wewe ni mwalimu wa chuo, huwezi kutudanganya. Pale chini pana maji?"

Binti mkubwa wa dada alikuwa amesimama karibu, ndoo kichwani, akinitazama. Kusema pana maji kungenidai niseme tangu lini nilijua.

"Hapana," nikasema. "Mwamba umeziba."

Wakanishukuru, wakageuza gari. Binti naye akashika njia ya lamboni.