Mia Kasoro Moja ya Eldon Sawatzky

Kwa miaka thelathini na moja Eldon Sawatzky alipima ngano ya watu katika ghala refu la kijiji cha Harkness, Saskatchewan, na mizani yake haikumpendelea mtu hata siku moja. Alimpimia mchungaji wake kama alivyompimia mlevi. Mwaka ule baridi ilipowahi ngano shambani, alishika konzi ya punje za Metro Hnatiuk, akazitazama kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Daraja la tatu." Metro alisema ni la pili. Eldon akaandika la tatu, na bei ya ngano ya Metro ikashuka. Tangu siku hiyo ikapita miaka kumi na mmoja bila salamu. Wakikutana posta, mmoja alisubiri nje mpaka mwenzake atoke, hata baridi iwe ya kugandisha kope.

Eldon alipostaafu, alianza kucheza gofu. Kiwanja cha Harkness kilikuwa malisho ya zamani nyuma ya ghala, kina mashimo tisa, nayo huchezwa mara mbili ili yatimie kumi na nane. Maji ya kunyweshea nyasi laini hayakuwepo, kwa hiyo kila shimo lilizungukwa na duara la mchanga uliochanganywa na mafuta. Mpira ukifika kwenye duara, unachukua chuma kizito chenye mpini, unakiburuta mara moja tu toka kwenye mpira hadi shimoni, kinaacha njia iliyonyooka, na hapo ndipo unasukuma. Watu wa huko hawaoni ajabu yoyote katika hilo.

Alichotaka Eldon kilikuwa kidogo. Alitaka kumaliza mashimo kumi na nane kwa mikwaju tisini na tisa. Wachezaji wazuri hutumia sabini, na yeye hakuwaonea wivu. Alitaka mia kasoro moja, mara moja tu kabla hajafa, na iwe ya kweli.

Akaanza na kosa ambalo wengi huanza nalo: aliamini ubaya uko kwenye fimbo. Alinunua fimbo kwa katalogi, kwenye minada ya marehemu, na kwa mjane mmoja wa kijiji cha jirani aliyemtupia nne za bure. Alisafiri hadi Regina, kwenye duka lenye mashine inayompiga mtu picha anapopiga mpira. Mama muuzaji akasoma majibu kwenye kioo, akayasoma tena.

"Bwana, umewahi kufanya kazi ya kupasua kuni?"

"Kila msimu wa baridi."

"Basi mashine imekujua."

Alirudi na fimbo mbili mpya. Zikawa arobaini na tatu, zimeegemea ukuta wa banda la gari, na gari likawa linalala nje. Alama zake zilikuwa mia na kumi na nane. Zilikuwa hizohizo alipokuwa na fimbo sita.

Aliyemtoa kwenye upumbavu huo ni mkewe, Irma, ambaye hakuwahi kushika fimbo ya gofu wala hakutaka. Asubuhi moja alibeba kiti na beseni la njegere, akakaa pembeni ya shamba lililovunwa.

"Leta moja moja," alisema. "Piga mipira kumi na kila fimbo. Mimi nitakaa hapa nimenye njegere zangu."

"Utajuaje fimbo nzuri, Irma?"

"Nina macho. Mpira ukienda unakotazama, nitaona. Ukienda kwenye mashamba ya jirani zetu Wahutteri, pia nitaona."

Kazi hiyo ilichukua siku nne. Eldon alipiga, Irma alimenya, na mwisho wa kila mipira kumi alitoa hukumu bila kuinua kichwa: "Ibaki." "Itoke." Mara nyingi ilikuwa itoke. Fimbo ya dola mia tano kutoka Regina ilitoka kwenye mpira wa tatu.

"Hii bado mipira saba!" Eldon alilalamika.

"Ya nini? Unataka kuizika kwa heshima?"

Zikabaki nane. Mojawapo ilikuwa imesimamisha nyanya bustanini kwa miaka miwili. Kwa fimbo hizo nane, na kwa kuacha kupiga kana kwamba anapasua gogo, alama za Eldon zikashuka: mia na kumi, mia na tano, mia na mbili. Mkahawani watu walianza kumuuliza habari zake kabla ya habari za mvua.

Na hapo ndipo shida yenyewe ilipoanzia, maana kijiji kizima kilimpenda.

Gofu ya mikwaju inahitaji shahidi, mtu wa kutembea nawe, kuhesabu na kutia sahihi kwenye kadi. Shahidi wa Eldon alikuwa Boyd Lindgren, fundi wa matrekta, mtu mnene mwenye roho nyeupe. Mwezi wa Julai, Boyd alimkabidhi kadi iliyoandikwa tisini na saba. Alikuwa anatabasamu mpaka masikio yalisogea.

Eldon aliihesabu. "Boyd, shimo la nne nilipiga saba. Umeandika tano."

"Nilikuwa napiga chafya, labda sikuona."

"Chafya za mikwaju miwili? Na shimo la kumi na moja, mpira wangu ulikuwa kwenye mabua. Nilipofika nikaukuta kwenye nyasi safi."

"Kindi, Eldon. Hawa kindi wa ardhini ni wasumbufu sana."

"Kindi huyo anavaa buti namba kumi na mbili? Nimeona alama."

Boyd akashusha pumzi. "Na la mwisho niliuokota mpira wako kabla hujausukuma, sawa. Ulikuwa karibu! Kaka, sisi ni marafiki. Unataka nini tena, si tisini na saba hii hapa?"

"Ukijumlisha na mingine uliyoisahau, ni mia na sita," alisema Eldon, na akakataa kutia sahihi.

Akabadilisha shahidi mara tatu, na mara tatu mambo yakawa yaleyale. Mmoja aliburuta chuma mara mbili ili njia ilainike. Mwingine, mzee wa kanisa, alisahau kuhesabu shimo zima. Wote walidhani wanamfanyia hisani. Hisani ya namna hiyo ni wizi, na ni mbaya kuliko wizi wa kawaida, kwa sababu aliyeibiwa anatakiwa aseme asante.

Mwezi wa Septemba habari ikaja kwamba mwenye lile malisho mwakani atapanda dengu. Kiwanja kitalimwa kabla ya theluji. Ilibaki Jumamosi moja.

Eldon alimwendea mkewe. "Irma, wewe uwe shahidi wangu."

"Nikiandika mia na mbili, jioni nitakula na nani? Na nikiandika tisini na tisa, utaniamini?" Irma alifikiri kidogo. "Huhitaji rafiki, mume wangu. Rafiki unao wa kumwaga. Tafuta mtu asiyekupenda."

Harkness nzima ilikuwa na mtu mmoja tu wa namna hiyo.

Metro Hnatiuk alikuwa chini ya mashine yake ya kuvunia aliposikia hatua. Alitoa kichwa, akaona viatu, akapandisha macho mpaka usoni, akarudisha kichwa chini.

"Umepotea njia," sauti ilitoka chini ya chuma.

"Sijapotea. Nataka uwe shahidi wangu Jumamosi. Gofu."

Spana ikaanguka.

"Mimi?"

"Wewe. Wengine wananipunguzia."

Metro akatoka mzima mzima, mikono imejaa grisi. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja kutazamana. "Yaani unataka nitembee nyuma yako mchana kutwa, nihesabu kila kosa lako, niliandike, halafu nitie sahihi?"

"Ndiyo."

"Na ukipiga hewa?"

"Hesabu."

"Na ukilia?"

"Andika pembeni."

Metro alijifuta mikono taratibu, kama mtu aliyeletewa chakula alichokiota. "Saa nne nitakuwa pale. Usichelewe, mpima ngano."

Jumamosi Metro alifika na penseli tatu zilizochongwa, futi ya kupimia, na nakala ya kanuni za kiwanja aliyoinakili kutoka mlango wa kibanda cha wachezaji. Kabla ya mkwaju wa kwanza aliisoma yote kwa sauti, kisha akarudia ya tisa: njia ya kwenye mchanga huburutwa mara moja, na mpira ukipita kwenye njia iliyochongwa kwa mguu, mchezaji huongezewa mikwaju miwili.

"Umesikia, mpima ngano?"

"Nimesikia."

"Sitaki baadaye uniambie hukusikia."

Watu walijipanga kwenye uzio wakitazama. Boyd alipunga mkono. Metro akamfokea asimsaidie mchezaji.

Kwenye shimo la kwanza Eldon alitikisa fimbo ili kulegeza mabega. "Moja!" Metro akapaza sauti. Walibishana dakika kumi, kanuni zikafunuliwa, na Metro akafuta huku akinung'unika. Kwenye la tatu alipima kwa futi umbali wa mpira toka kwenye mstari wa mpaka, akalala kifudifudi kuthibitisha, akasema, "Ndani. Kwa unene wa ukucha. Bahati yako nina ukucha mwembamba." Kwenye la sita kindi wa kweli alibeba mpira mbele ya macho yao akaingia nao shimoni kwake, na Metro alidai waandike jinsia ya kindi.

Lakini Eldon alikuwa anapiga vizuri. Kila namba iliyoingia kwenye kadi ilikuwa imepita kwenye mikono ya adui, na kwa sababu hiyo ilikuwa ngumu kama jiwe. Mia moja kasoro kitu kilianza kuonekana. Mashimo tisa ya kwanza: arobaini na tisa.

"Si mbaya," Metro alisema, kisha akakasirika kwamba amelisema.

Kwenye shimo la kumi na tatu alitoa soseji ya kitunguu saumu mfukoni, akaikata kwa kisu, akaweka nusu juu ya begi la fimbo bila kutazama. "Inaharibika. Siwezi kumaliza." Eldon alikula. Kwenye la kumi na tano mpira ulipokuwa unaelekea mtaroni, Eldon alimsikia mtu nyuma yake akinong'ona, "Simama, simama, we mpumbavu." Hakugeuka, kwa adabu.

Walipofika shimo la mwisho, jumla ilikuwa tisini na tatu. Eldon alipiga mikwaju minne hadi ukingo wa duara na wa tano ukaingia mchangani, hatua tatu toka shimoni. Tisini na nane. Mkwaju mmoja tu. Kwenye uzio watu walijivuta mbele.

Metro alichukua chuma. Aliburuta toka kwenye mpira hadi shimoni, njia nyoofu, nzuri. Kisha alikwenda kukirudisha chuma mahali pake, na katika kurudi alitembea ajabu kidogo juu ya njia ile, mguu wa kulia ukikokotwa nyuma, kisigino chini.

Eldon aliinama kupima njia. Katikati yake kulikuwa na mfereji. Mfereji mdogo, wa upana wa mpira, ulioishia mdomoni mwa shimo.

"Metro."

"Nini?"

"Hiki nini?"

"Upepo."

"Upepo una kisigino?"

Metro alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Sukuma, bwana! Sukuma twende nyumbani!"

Eldon hakusukuma kwenye mfereji. Aligeuza miguu, akalenga kando kabisa, kwenye mchanga mbovu uliojaa nyayo za watu wa asubuhi, akijua kwamba hapo hakuna mpira uliowahi kwenda sawa tangu kiwanja kichimbwe. Akavuta pumzi, akasukuma.

Mpira ulikwenda kando kama alivyotaka. Ukaruka unyayo wa kwanza. Ukagonga wa pili, ukakata kona, ukateremka kwenye mfereji wa Metro, ukatembea ndani yake kwa heshima zote na kutumbukia shimoni.

Uzio ukalipuka. Boyd alitupa kofia juu. Metro aliruka, mtu wa miaka sitini na nane, akamkumbatia Eldon, kisha akashtuka na kumwachia.

"Tisini na tisa!" alipiga kelele. "Tisini na tisa, mzee!"

"Mia na moja," alisema Eldon.

"Nini?"

"Kanuni ya tisa. Mpira umepita kwenye njia iliyochongwa kwa mguu. Ongeza miwili."

"Ulilenga kando! Watu wote wameona ulilenga kando!"

"Kanuni haiulizi nililenga wapi. Inauliza mpira ulipita wapi."

"Mguu ni wangu! Kosa ni langu!"

"Mpira ni wangu."

Metro alimtazama. Uso wake ulikuwa ule wa siku ya ngano, kidevu mbele, na kwa muda ilionekana miaka mingine kumi na mmoja imeanza palepale. "Penseli ninayo mimi," alisema. "Naweza kuandika ninachotaka."

"Andika. Sitatia sahihi."

"Hutapata tena! Jumatatu wanalima!"

"Najua."

Eldon alijua vizuri kuliko yeyote. Macho yake yalikuwa na maji ambayo hakuyafuta. Lakini alisimama pale akiwa amenyoosha mkono kuomba kadi, kama alivyosimama kwenye mizani miaka yote, na Metro hakupata pa kumshika.

Penseli ya kwanza ilivunjika. Ya pili ikavunjika pia. Kwa ya tatu Metro aliandika mia na moja kwa tarakimu kubwa, akatia sahihi kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, akampa. Eldon alisoma kila shimo, moja hadi kumi na nane. Hakukuta chafya wala huruma mahali popote. Akatia sahihi chini ya ile ya Metro.

Boyd alifika akihema, mikono imepanuliwa. "Tisini na tisa, si ndiyo? Eh? Nimehesabu mwenyewe toka kule! Hiyo ya mguu tuiache, hakuna aliyeona."

Metro Hnatiuk alisimama kati yake na Eldon.

"Mia na moja," alisema. "Na anayebisha aje abishane na mimi."