Vifaranga wa mistari: alama ya kichwani ilivyoniaibisha kwa mama mkwe Kibugu

Wakuu, salamu zenu kutoka Nkubu, Meru.

Ninachoandika hapa ni ukweli mtupu. Kama kuna mahali chumvi ilizidi, ni kwenye supu, na hiyo supu mtaifikia.

Kwa wasionijua, mimi nafuga kuku wa mistari, wale weusi kwa weupe kama pundamilia. Nilioa Embu, kule Kibugu, ambako majani chai yanafika hadi mlangoni.

Mwaka huo ugonjwa wa kuku, Newcastle, ulipita Kibugu ukasafisha banda lote la mama mkwe. Mama ni mjane. Chai ina wenyewe, maana bonus ya majani ya mwaka ikiingia watoto wote wanakumbuka njia ya nyumbani. Mayai ndiyo yalikuwa yake peke yake. Alikuwa akiyabeba hadi buying centre ya majani chai, anawauzia wanaoleta majani, anarudi na sukari yake bila kumpigia mtu simu.

Aliniomba kitu kimoja tu. "Baba Kendi, niletee kuku ya mayai. Jogoo sina chakula yake."

Nikampelekea kuku wangu wa kike wachache wa mistari. Walikuwa wameanza kuzeeka, lakini kwa mayai ya kuangua walitosha. Pamoja nao, jogoo mmoja mweusi tititi.

Kwa nini mweusi? Someni polepole hapa.

Jeni ya mistari inakaa kwenye chromosome ya jinsia. Jogoo ana nafasi mbili za kuibeba, kuku wa kike ana moja tu, na hiyo moja anawapa watoto wake wa kiume. Kwa hivyo mama wa mistari na baba mweusi wakizaa, wa kiume wanatoka na alama nyeupe kichwani, wa kike wanatoka na kichwa cheusi kitupu. Unachagua siku hiyo hiyo wanapoanguliwa. Hakuna kulisha jogoo miezi mitatu ukidhani ni wa mayai.

Nilimweleza haya yote shemeji yangu Njeru, anayeishi na mama, na ambaye amesomea ufugaji kwa kutazama video hadi bundles za simu zikaisha. Aliitikia kwa kichwa mwanzo hadi mwisho. Wakuu, mtu anayeitikia kwa kichwa namna hiyo mwogopeni.

Wiki kadhaa baadaye nikapita kusalimia. Nikapokelewa kama mkwe: sofa zimewekwa vitambaa vipya, mukimo, kuku wa mchuzi. Sasa mkwe mwenye adabu hazunguki nyuma ya jikoni ya mama mkwe kukagua banda, kwa hivyo nilikaa pale nilipowekwa. Supu nikaisifu. Nikaongezewa. Hata nilifungiwa paja la kumpelekea mke wangu, Mama Kendi.

Vifaranga walipoanguliwa, Njeru akanipigia. Wote walikuwa na alama nyeupe.

Wote.

Nikamwambia ni bahati mbaya tu, hao ni majogoo watupu.

"Lakini shemeji," akasema, "ingine iko na alama kubwa imemwagika, ingine ni kadot tu."

Nikamjibu kwa sauti ya mtaalamu kwamba alama ni alama.

Mama hakulalamika. Ningependa angelalamika. Alisema tu ni sawa, ni mapenzi ya Mungu, kisha akawapeleka vifaranga wote kwa jirani yake Mama Wawira, ambaye ana uwanja mkubwa na hunenepesha majogoo wa Krismasi. Akawapeana bure. Wale kuku wazee nao wakaona kazi yao imeisha, wakaacha kutaga.

Krismasi ilipokaribia, nusu ya majogoo wa Mama Wawira wakaanza kutaga.

Nikampigia Njeru. Nikamuuliza kwa upole, ule upole wetu wa Meru unaosikika hadi ng'ambo ya barabara, yule jogoo mweusi yuko wapi.

"Shemeji, si ulimkula ile siku ulikuja? Ukasema supu ni tamu."

Mgeni wa heshima anachinjiwa jogoo, na jogoo pale alikuwa mmoja. Yaani nilikula mpango wangu mwenyewe na mukimo, nikafungiwa na paja.

Mahali pake Njeru alikuwa ameazima jogoo mkubwa wa mistari, akamleta kwa gunia. Huku kwetu kila mtu anajua mbegu nzuri ni ya jogoo. Sijawahi kusikia mtu ameazima kuku wa kike. Tena Njeru alijivunia kwamba amefanya upgrade.

Sasa, mistari kwa mistari, vifaranga wote wanazaliwa na alama. Hapo unaangalia ukubwa. Jogoo amepata dozi mbili za ile jeni, alama yake ni kubwa imetawanyika. Wa kike amepata moja, ana kadot. Kwa maneno mengine, Njeru alikuwa ameshawachagua kwenye simu, kwa macho yake, bila kujua. Mtaalamu akamnyamazisha.

Nilienda kuomba msamaha. Sofa ile ile. Safari hii hakukuwa na kuku. Mama aliniletea chai na mayai mawili ya kuchemsha kwenye sahani ya wageni, chumvi pembeni.

"Kula, Baba Kendi," akasema. "Nimenunua kwa Mama Wawira. Ni mayai ya zile jogoo zako."

Niliyala, wakuu. Kiini kilikuwa cha njano safi. Hela ya sukari yake ndiyo ilininunulia mayai ambayo yangekuwa yake. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Jumamosi nampelekea kuku wengine, wakubwa, ambao tayari wanataga. Amesema hataki kusikia habari ya alama, na atawapokea akiona yai.

Somo langu ni fupi: kabla hujasoma kichwa cha kifaranga, muone baba yake kwa macho, akiwa hai. Na ukikaribishwa supu ukweni, uliza kwanza ni nani huyo.

Watu wa genetics, uwanja ni wenu, mnicheke au mnirekebishe. Njeru naye yuko humu, anasoma, na najua anaitikia kwa kichwa.