Ukisusa, Katiba Itaandikwa Bila Wewe

Mwanangu, nimeambiwa umejitoa kwenye umoja wa wanafunzi kwa sababu wamekuita mtu wa kuja. Haya, kunywa chai kwanza. Hasira za mkizi, tijara ya mvuvi. Nami nilikuwa nazo, hapa hapa Guangzhou.

Naikumbuka Jumapili ile, nikiwa msichana wa chuo. Watanzania tulikutana mgahawani kuandika katiba ya umoja wetu. Nilimkaribisha mwalimu wangu wa chuoni, bibi wa kabila la Waodawa, wenyeji wa asili wa Marekani. Watu wake wanajitawala kwa katiba yao wenyewe, naye alikuwamo barazani ilipoandikwa.

Mwenyekiti wetu, mnunuzi wa mikoba ya Shiling, mji wa viwanda vya ngozi, akasoma: mwanachama ni Mtanzania wa baba na mama. Lo! Baba yangu wa Kigoma, lakini mama Mkongo wa Uvira. Yaani mimi niliyepika pilau ya kila msiba, leo si mwenzao? Iliniuma, mwanangu, machozi yakanilenga. Nikabeba pochi yangu nijiondokee.

Nilipomnong'oneza mwalimu sababu, alinidaka mkono.

"Kaa chini, binti. Sisi tulipimana damu, nani ana kiasi gani cha damu ya kabila. Waliokasirika walitoka nje, tuliobaki tukakipitisha kipimo hicho kwa kura. Leo wajukuu zangu wanacheza ngoma zetu, wanasema lugha yetu, lakini si wanachama wa kabila. Damu yao haikufikia kipimo. Na mama yao, mwanangu wa kumzaa, ndiye aliyetangulia kutoka nje siku ile."

Nikakaa. Nikanyoosha mkono. "Jamani, nani humu hajala pilau yangu?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akajikuna kichwa. "Dada, mimi nimekula mpaka ukoko. Kifuteni kifungu hicho." Tukabishana hadi magharibi, kisha tukaandika: mwenzetu ni yule tunayezikana naye. Mpaka leo ndivyo ilivyo, na mimi nimo.

Basi, mwanangu, wahenga hawakukosea: ukisusa, wenzio wala. Watu wakiandika nani ni wao, usiwaachie chumba, hata wakikuudhi. Rudi kesho. Pinga, gomba, lia ukitaka, lakini lia ukiwa ndani.

Mungu akupe ulimi laini, moyo mpana, na makalio mazito ya kukaa mkutanoni mpaka neno la mwisho.