Siku Kagure Alipowasalimu Watu

Hapa Endarasha tulikuwa tunasema Kagure ana maringo. Mwanamke amepita miaka sabini na tano, anaimba gĩtiiro, ule wimbo wa akina mama wa sherehe za uchumba, mpaka nywele zinakusimama. Lakini mwambie asimame asalimu watu uone. Kanisani, matangani, hata kwenye mkutano wa wakulima wa viazi, kila mtu husimama: jina langu ni fulani, natoka pahali fulani, nimeokoka. Kagure? Wapi! Anampitishia jirani kipaza sauti kama kimemchoma. Mimi ni jirani yake wa lango kwa lango, na alikuwa ananikasirisha sana.

Basi mwezi wa nane mjukuu wake Lynn, anayesoma Estonia, akaleta wageni watatu, wote akina mama. Mmoja Mestonia, mmoja Mfini, na wa tatu mwanamke wa kabila la Wamari aliyeitwa Aivika. Lynn alitueleza kwamba lugha zao ni za ukoo mmoja, Finno-Ugria, ingawa wenyewe wametawanyika nchi mbalimbali na wengine wamebaki wachache. Siku hizi wanatembeleana, wanafundishana nyimbo za nyanya zao zisipotee. Waliposikia na sisi tuna zetu zinazokufa, wakafunga safari.

Asubuhi ya sherehe ya kuwakaribisha tulikuwa jikoni kwa Kagure tukimenya viazi vya mukimo, chakula chetu cha kupondwa. Aivika hakungoja kukaribishwa, alichukua kisu akamenya. Akaanza kuimba polepole, anatoa sauti halafu ananyamaza kama anayengoja kuitikiwa. Kagure akaitikia kwa gĩtiiro. Haki ya Mungu, ziliingiana! Tukacheka mpaka viazi vikatudondoka.

Halafu Aivika akaweka kisu chini, akasema maneno mengi kwa sauti ndogo. Lynn akatafsiri.

"Anasema ataimba, lakini asipigwe picha, na jina lake lisitajwe. Kwao, mtu akiimba kwa lugha yake na watu wa nje, kuna wakubwa wa serikali wanataka kujua anatafuta nini. Ako na ndugu yake, mwalimu. Ameshaitwa akaulizwa maswali. Akiitwa tena, hawajui kama atarudi."

Kagure akapangusa mikono kwa leso.

"Mwambie mimi naelewa," akasema. "Wakati wa Emergency, Wazungu wakisaka wapiganaji wa msituni na watu wa kuwasaidia, nilikuwa mtoto wa miaka saba. Mzee mmoja alikuja kwa kijiji, akatuuliza sisi watoto, pole pole, na sukari mkononi. Wewe ni nani? Mama yako ni nani? Mimi nilikuwa nimefundishwa adabu. Nikasalimia vizuri, nikataja jina yangu na ya mama. Kesho yake mama akasimamishwa mbele ya gakunia, yule mtu wa kufunikwa kichwa na gunia, anaangalia na matundu mbili. Akatingisha kichwa, kusema ndiye huyu. Mama hakurudi."

Miaka yote hiyo tumepakana, na mimi sikuwa nimewahi kulisikia hilo. Niliona aibu, nikainamia viazi vyangu.

Tukajipanga. Gathogo, kijana wa video, akaapa kamera itakuwa upande mwingine Aivika akiimba. Beth, mwenyekiti wetu wa akina mama, akaambiwa asitangaze jina. Yote tukayafikiria, isipokuwa lile ambalo hatulifikirii kamwe kwa sababu tunalifanya kama kupumua.

Hema likajaa. Sala ikaisha, na kabla ya wimbo wowote Beth, kwa furaha yake akisahau yote, akachukua kipaza sauti: "Sasa wageni wetu wasalimu watu!" Kamera ya Gathogo iko wazi, inarusha moja kwa moja mpaka kwa watu wetu walioko Amerika na kila mtu mwenye simu. Mestonia akasalimia. Mfini akasalimia. Kipaza sauti kikawekwa mkononi mwa Aivika.

Hema zima linampigia makofi, Beth anamwambia, "Jina na pahali umetoka, mama, usiogope!" Uso wa mgeni ulikuwa mweupe kama unga. Kipaza sauti kikagonga meno yake, tukasikia sote. Akafungua mdomo. Unajua mgeni mwenye adabu hawezi kuwakatalia watu wanaomshangilia.

Lynn alikuwa nje na sufuria. Mimi nilitaka kupiga kelele, sauti ikakataa, ati mimi Shiku wa domo refu!

Kagure akainuka. Alitembea akishika viti, akapita mbele ya kamera, akamziba mgeni kwa mwili wake, akachukua kile kipaza sauti.

"Jina langu ni Kagure," akasema. "Mama yangu ni Nyaguthii. Nyumbani ni hapa." Kisha akatupa wimbo, na akina mama wote wakaruka wakaitikia, tukamzunguka Aivika mpaka hata kichwa chake hakikuonekana. Aliimba humo katikati yetu, na kamera haikumpata.

Jioni, jua likiwa bado juu, nilipeleka chai kwa Kagure nikakuta mlango umefungwa kwa komeo. Nilibisha, na nilipotaja jina langu ndipo nikafunguliwa. Ndani alikuwa ameketi kitandani na Aivika, wameshikana mikono, Lynn kando yao.

"Ile video imefika wapi?" Kagure akamuuliza Lynn.

"Mbali, Cucu," akamjibu nyanya yake. "Kila mahali."

Akavuta pazia la dirisha. Halafu akamgeukia Aivika, akampapasa mkono.

"Mwambie asiogope," akasema. "Wakikuja, wako na jina yangu. Yake hawana."