Paa Moja, Rupia Tatu: Hidaya Auza Nyumba ya Mama Yake

MOROGORO, 1909. Jua limeshauvuka mgongo wa Uluguru, na Hidaya binti Maneno ana udongo hadi viwikoni. Anachota tonge, analibandika ukutani, analisawazisha kwa kiganja. Mikono inajua kazi yake. Macho yako kwenye njia inayotoka Bomani, kwenye ofisi ya Serikali.

“Leo wahesabu wa kodi wako upande huu,” anasema. “Wakifika hapa, sijui nitajibu nini.”

Nyumba anayoiziba nyufa si yake tena, na bado haijawa ya mwingine. Hapo ndipo penye kitanzi.

Hidaya ni mjane, fundi wa kukandika nyumba anayejulikana kuanzia mtoni hadi stesheni. Tangu reli ifike, wageni wanatafuta vyumba, naye kazi haimpigi chenga. Kukandika chumba kizima humpa rupia moja, pengine pungufu. Anaishi katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Hii ya pili ni urithi wa mama yake.

Lakini kodi ya Serikali haiulizi mtu anakula nini. Inahesabu mapaa, na kila paa ni rupia tatu kwa mwaka.

“Moja naiweza kwa kujinyima,” anasema. “Mbili zinanila mimi.”

Akaamua kuuza. Stambuli, ndugu yake wa tumbo moja, akaja juu.

“Dada, nyumba ya mama haiuzwi. Wajukuu wakiuliza kwetu ni wapi, tutawaonyesha nini?”

“Tutawaonyesha pale pale. Au wewe unazo rupia tatu?”

Stambuli hakuwa nazo. Mwaka jana, aliposikia wahesabu wanakuja, aliiezua nyumba yake mwenyewe, maana isiyo na paa haihesabiwi. Akida, msimamizi wa Serikali, akaziona nyasi za paa zimefichwa migombani. Stambuli akapelekwa kuvunja mawe kwenye barabara ya Mikese, na jiwe moja likamponda mguu. Aliporudi, akichechemea kwa fimbo, alikuta mvua imeziangusha kuta zake. Sasa anaishi kwa dada yake.

Mnunuzi alipatikana upesi. Ni Lukasi, kijana Mkatoliki kutoka kijiji cha misheni huko mlimani, kibarua wa reli aliyechoka kulala kibandani na wenzake. Wakapatana rupia ishirini. Akatanguliza nane, nyingine azilete akipokea mshahara, kisha ahamie. Mbele ya jumbe, mkuu wa mtaa, waliongea habari za mlango na mpaka wa migomba. Kodi hakuna aliyeitaja.

Sasa Lukasi anakuja mbio, jasho linamtiririka.

“Shikamoo, mama. Wameshaingia kwa jirani wa chini.”

“Marahaba. Basi weka tayari kodi yako.”

“Yangu? Mimi sijalala humu hata siku moja!”

“Nyumba umeinunua, Lukasi.”

“Sijamaliza kuinunua. Nikisema ni yangu, naandikwa Bomani, na kila mwaka watanidai mimi. Wewe ukighairi, nitakwenda kushtaki wapi?”

Hidaya anachota tonge jingine la udongo. Angekuwa yeye, angesema vivyo hivyo.

Lukasi anatazama juu, kisha anaukumbatia mwimo wa mlango, mguu mmoja tayari umeacha ardhi. “Tuezue, mama. Upesi! Wakishapita naezeka tena.”

“Shuka.”

“Mama, ni kazi ndogo tu.”

“Shuka, nimesema! Nenda kamwamkie Stambuli pale barazani. Mwangalie mguu. Ukirudi bado unataka kupanda, panda.”

Lukasi anageuka. Stambuli ameketi barazani kwa jirani, mguu uliopinda ameunyoosha mbele, anawatazama. Kijana anaushusha mguu wake taratibu.

Karani wa kodi anafika na askari wawili.

“Nyumba ya nani hii?”

Lukasi anamtazama Hidaya, Hidaya anaitazama nyumba. Udongo umeanza kukauka mikononi mwa Hidaya, unamvuta ngozi.

“Nauliza mara ya mwisho. Isiyo na mwenyewe ni ya Serikali, na ninyi wawili mtakwenda kujieleza Bomani.”

Askari mmoja anamshika Lukasi begani. Kijana anafumba macho.

“Yangu,” anasema Hidaya. “Mwacheni mtoto wa watu. Ni yangu.”

Anafungua fundo la kanga na kutoa rupia tatu kati ya zile nane. Karani anamwandikia cheti kwa jina lake, kisha msafara unasonga mbele. Hidaya anaketi palepale chini.

Lukasi ndiye anayeanza. “Mama, umenilipia kwa fedha zangu mwenyewe.”

“Ulizonipa ni zangu. Ila paa utakalolala chini yake limekwisha kulipiwa, mwanangu, na wewe hujatoa kitu.”

Wanabishana hadi majirani wanatoka nje. Anayekata shauri ni Stambuli, yule yule aliyepinga nyumba kuuzwa. Amesogea kwa fimbo yake hadi mlangoni.

“Mwaka umefika katikati,” anasema. “Aliyekuwa nayo nusu ya kwanza alipe ya kwanza, atakayekuwa nayo ya pili alipe ya pili. Mkipigana, Bomani hawatalia.”

Lukasi anakubali kuongeza rupia moja na nusu juu ya bei. Jioni wanarudi kwa jumbe na kuyasema yote upya, mbele ya mashahidi, safari hii na kodi ndani yake.

Mshahara ulipotoka, Lukasi alilipa alivyoahidi, na sasa anaishi humo. Stambuli akipita njia ile, hugeuza uso.

“Ameniokoa, lakini hajanisamehe,” anasema Hidaya. “Namwelewa. Hata mimi siku ya kumkabidhi Lukasi nililia.”

Fedha iliyobaki imelipa kodi ya nyumba anayoishi. Kwa akiba kidogo ameanza kununua nguzo na fito. Anataka kujenga chumba na sebule karibu na stesheni, akandike kwa mikono yake, auze, kisha ajenge nyingine.

“Na atakayekuja kuuliza bei,” anasema, “nitamwuliza kwanza: kodi ya mwaka huu unalipa wewe, au niiweke juu ya bei? Akikaa kimya, namwonyesha njia.”