Baba Mboni na Neno la Siri

Mume wangu Bashiru, ambaye hapa Kilwa Masoko kila mtu anamwita Baba Mboni, ni mtu wa kufunga vitu. Kabati la vyombo lina kufuli. Redio ina kufuli. Siku moja nilikuta birika la chai limefungiwa sandukuni, nikamuuliza nani ataiba birika lenye tundu, akanijibu kuwa mwizi hachagui. Alinioa nikiwa msichana wa kijijini Kikole, sasa nina mvi, na hilo la kufuli bado sijalizoea.

Si mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alikuwa mbanguaji korosho kiwandani Lindi, akapanda mpaka msimamizi wa zamu, akawa anavaa koti jeupe na kalamu mfukoni. Kisha kikaja kipindi cha ubinafsishaji. Mnunuzi akakinunua kiwanda, akakigeuza ghala, na Baba Mboni akarudi nyumbani na koti lake. Watu walisema sasa ni soko huria, kila mtu ajitafutie. Naye akajitafutia kwa kununua mashine, na kila mashine aliyoinunua ilikufa. Ya kusaga aliiandika ubavuni "Neema" kwa rangi nyekundu. Ilisaga msimu mmoja, ikapasuka. Friji la kuuzia barafu aliliita "Tumaini", na humo tukaozesha kapu zima la samaki changu. Nilimwambia basi, Baba Mboni, tulime tu muhogo. Hakunisikia.

Ndipo akaja na kompyuta. Ilikuwa ya mtumba, kutoka Kariakoo, na aliipakata kwenye basi njia nzima kama mtoto mgonjwa. Tukaiweka sebuleni, nikaifunika kitambaa cha kufuma. Yeye mwenyewe alijua kuiwasha na kuizima, basi. Aliyeitumia ni binti yetu Mboni, aliyekuwa chuo cha ualimu Mtwara. Likizo ile yote alishinda akichapa ripoti ya mazoezi yake ya kufundisha, mgongo umempinda, macho mekundu. Ripoti ilitakiwa chuoni Jumatatu asubuhi. Asiyekuwa nayo anarudia mwaka, walishaambiwa, na mwaka wa kurudia sisi hatukuwa na uwezo nao. Mboni alijua kwamba akirudishwa nyumbani ndiyo ametoka.

Alhamisi umeme ukakatika, kompyuta ikazimika. Jumamosi baada ya chai ukarudi. Mboni akaiwasha ili amalizie ukurasa wa mwisho na kuihamishia kwenye disketi, maana Jumapili alfajiri ilibidi awe Nangurukuru njia panda kudaka basi la Mtwara. Badala ya kufunguka, kompyuta ikatoa picha ya bata wa manjano, jina la Bashiru, na kijisanduku cheupe kinachodai neno la siri.

"Baba, umeweka neno la siri?"

"Nimeweka," akajibu kutoka uani, bila wasiwasi wowote. "Siku ile ile ya Alhamisi, ulipokwenda kuoga. Fundi wa Kariakoo alinionyesha."

"Njoo uliandike basi."

Akaja, akavuta kiti, kisha akatugeukia. "Tokeni."

"Tutoke twende wapi? Hii ni sebule!" nikamwambia.

"Basi geukeni ukutani."

Tukageuka, mtu na binti yake, tukatazama kalenda ya mwaka juzi. Tukamsikia akigonga kwa kidole kimoja, ko, ko, ko, kama kuku anayedonoa bati. Kimya. Akagonga tena. Kimya. Mboni akageuka, akakuta baba yake ameikumbatia kibodi kwa mikono miwili na kompyuta imemwandikia Kiingereza.

"Inasemaje?" baba yake akauliza.

"Inauliza kama umesahau neno lako."

"Nani amesahau? Iambie sijasahau!"

Mboni akamwonyesha alama ya kuuliza pembeni ya kile kijisanduku. Ukiibonyeza inakupa dokezo uliloliandika mwenyewe. Akaibonyeza. Ikatokea: *jina langu*.

Nikashusha pumzi. Mambo si ndiyo hayo! Mboni akaandika Bashiru. Ikakataa. Akaandika kwa herufi ndogo tupu, ikakataa. Kwa herufi kubwa tupu, ikakataa. Akaweka na jina la babu, akaweka na la ukoo, akaandika Baba Mboni, na mwenyewe amesimama nyuma yetu anatikisa kichwa kila mara kama anayetazama watoto wakikosea hesabu.

"Si hilo," anasema. "Wala si hilo."

"Sasa lipi?" nikapiga kelele. "Una majina mangapi wewe?"

"Ni siri. Ndiyo maana ikaitwa neno la siri."

Niliwaza kumpiga na mwiko, Mungu anisamehe. Mtoto machozi yanamlenga, saa zinakwenda, na mtu mzima anakaa mbele ya kompyuta yake anakataa kusema jina lake! Kila alipojaribu mwenyewe alitugeuza ukutani, kila alipogonga ilikataa, na kila Mboni alipomwomba atazame tu anakosea wapi, alisema hawezi kutazamwa.

Katikati ya zogo hilo akaingia wifi Kadija, dada yake mkubwa, ametuletea muhogo. Mboni akamwamkia, akaitikiwa marahaba, na wifi akataka kujua kelele hizi za nini mpaka barabarani zinasikika. Nikamweleza yote, kwa hasira, huku nikimnyooshea kidole mdogo wake. Akacheka mpaka akajishika mbavu. Nilipofika pale pa "jina langu", na kwamba si Bashiru wala si la ukoo, kicheko kikamkatikia mdomoni. Akamtazama mdogo wake.

"Bashiru," akasema polepole. "Usiniambie umeliandika lile."

Baba Mboni akainamisha uso.

Hapo nikaelewa. Sisi Wamwera mtoto wa kiume anakuwa na jina lake la utotoni, na akiingia jandoni analiacha huko huko. Anatoka na jipya. Lile la kwanza halitamkwi tena. Ukimwita mtu mzima kwa jina lile umemtukana tusi la kumvua nguo, na wazee watakuketisha wakutoze kuku. Mke halijui. Mwana halijui. Mimi nilikuwa nimezaa na mtu huyu, nimezika naye, na jina lile sikuwahi kulisikia. Na yeye kalichukua, kati ya maneno yote ya duniani, akalifanya ufunguo wa kompyuta ambayo binti yake anaitegemea!

"Ndiyo neno ambalo hakuna mtu angelijaribu," akajitetea.

"Wala wewe mwenyewe huliwezi!" nikamjibu.

Ikabainika kwamba shida yake ilikuwa hiyo hasa. Jina lenyewe alilijua vizuri sana. Asilolijua ni herufi zake. Alianza shule baada ya jando, akaandikishwa Bashiru, kwa hiyo jina lile halikuwahi kuandikwa popote na mkono wa mtu yeyote. Tena ni la Kimwera, lina ile sauti ya puani tuliyokuwa tukichekewa na walimu. Alhamisi aliliandika kwa namna fulani, mara mbili, kompyuta ikakubali. Sasa hakumbuki ni namna gani. Alihitaji mtu aliyesoma amsaidie kulipanga, na kulipanga ni lazima kwanza alitamke.

Wifi Kadija alilijua jina, lakini kusoma hakujua, na alishafunga mdomo kwa kanga. Mboni alijua kuandika, lakini ni mwana. Kwa hiyo tukafanya kama wafanyavyo watu waliochanganyikiwa, tukamwita fundi.

Fundi Valerian alikuja na pikipiki kutoka Nangurukuru, kijana wa Kimakonde, amechomekea, miwani ya jua juu ya kichwa. Akatuamkia wote kwa adabu, akakaa, akazima, akawasha, akabonyeza vitu kwa haraka. Akajaribu kupita mlango wa nyuma wa kompyuta, akakuta yule mwenye nayo wa kwanza alishaufunga kwa neno lake. Akatikisa kichwa.

"Mzee, nitajie tu hilo neno nikusaidie kuliandika. Kwangu halitoki."

Baba Mboni akamtazama kijana yule kuanzia miwani mpaka viatu. Nilijua anachowaza. Kabla ya alasiri wapiga debe wote wa Nangurukuru wangekuwa wanamwita kwa jina la kabla ya jando.

"Njia nyingine hakuna?" akauliza.

"Ipo moja. Napiga Windows upya. Itafunguka kama mpya, ila vyote vilivyomo vinafutika."

"Vyote?"

"Vyote, mzee. Haibaki hata herufi."

Fundi akatoa sidii yake mfukoni, akaishika, akasubiri. Na mume wangu, niliyemvumilia kufuli zake zote, akasema, "Futa."

Sijui nilisema nini. Majirani wanasema nilisikika mpaka gatini. Nilimuuliza jina lake lina thamani gani kuliko mtoto. Nilimwambia kiwanda kilimwondoa yeye, sasa na yeye anamwondoa mwanawe chuoni kwa mkono wake. Nilimwambia mengi ambayo mke hasemi mbele ya fundi.

Mboni ndiye aliyenishika mkono.

"Mwache baba, mama," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. "Afute tu. Kama hawezi, hawezi. Mimi nitakwenda kulima Kikole."

Fundi akabonyeza kitufe, trei ya kuwekea sidii ikatoka kwa mlio mdogo. Baba Mboni akanyoosha mkono wake mrefu, akairudisha ndani.

"Kijana, nenda kaendeshe pikipiki yako kidogo," akamwambia. Fundi akatoka. Baba akamgeukia Mboni. "Kaa hapa. Kitazame hicho kijisanduku chako, usinitazame mimi."

Akalitamka.

Sitaliandika hapa. Nitasema tu maana yake, na maana yake ni jalalani. Pale penye majivu, maganda na vigae vilivyovunjika.

Wifi Kadija akajifunika uso wote. Mboni mikono yake ilikuwa juu ya kibodi, na haikusogea.

"Siwezi kuliandika, baba. Ni dhambi."

"Mwalimu gani anashindwa kuandika neno?" akasema, kwa ukali wa kulazimisha. "Andika! Linaanza na N. Sijui ni moja au mbili."

Akaandika kwa moja, ikakataa. Kwa mbili, ikakataa. Ikabidi alitamke mwenyewe, taratibu, silabi kwa silabi, ili asikie sauti zake, na baba yake akawa anamrekebisha: hapo vuta, hapo pitishia puani. Binti anamtamkia baba yake jina la jalala na baba anaitikia, ndiyo, hivyo hivyo. Sijawahi kuona jambo kama lile na sitaki kuliona tena. Kisha Mboni akaongeza kile kialama cha juu, kama cha ng'ombe, baada ya g, akabonyeza, bata wa manjano akaondoka, na kompyuta ikapiga muziki wake. Ripoti ilikuwepo, nzima. Mboni akaangua kilio kikubwa, akaendelea kuchapa huku analia.

Hasira yangu ilikuwa haijaisha. Nikamfuata Baba Mboni uani, alikokwenda kukaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Kwa nini jina hilo?" nikamuuliza. "Kuna Simba, kuna Yanga, kuna Mungu ana majina tisini na tisa. Kwa nini hilo?"

Akaegemeza viwiko magotini.

"Mama yangu alizika wanne kabla yangu," akasema. "Wote walikuwa na majina mazuri. Mimi nilipozaliwa wakanipeleka jalalani, wakaniweka juu ya majivu, dada Kadija akaja kuniokota kama kitu cha kutupwa. Wakaniita hivyo ili kifo kikipita kisinitamani. Nikabaki." Akakwangua ardhi kwa kidole cha mguu. "Ile ya kusaga niliipa jina zuri. Friji nililipa jina zuri. Hii ilikuwa na kazi ya Mboni ndani yake, Mama Mboni. Niliogopa."

Ndani tulikuwa tunamsikia Mboni akichapa haraka haraka.

"Sasa umelisikia," akasema, hanitazami. "Utanionaje?"

Nikakaa kando yake juu ya kinu.

"Marehemu mama mkwe alijua kuita," nikamwambia. "Asingekuita hivyo, nami nisingekupata."