Fisi Maji Asiyejua Kuogelea

Juzi nilienda Usenge, kando ya ziwa, kwa mazishi. Nilipopita penye omena, wale dagaa wadogo, walioanikwa, ile harufu ya samaki na jua ikanirudisha miaka ya themanini, nikiwa msichana mdogo kwa nyanya. Nitakuambia vile ninavyokumbuka. Sikusoma sana, na kumbukumbu yangu mwenyewe siiamini yote.

Likizo za shule kazi yangu ilikuwa kulinda omena. Nyanya aliwatandaza juu ya nyavu kuukuu ufuoni, mimi nikakaa na fimbo kufukuza kuku na ndege. Asubuhi moja nikikunjua wavu nilisikia mluzi mwembamba. Ndani mlikuwa na kinyama cha kahawia, kimelowa, macho madogo.

"Mtoto wa fisi maji," nyanya akasema, akamfunga kwenye leso yake.

Jirani yetu alikuwa mvuvi, na fisi maji walimchania nyavu wakila samaki walionaswa. Haki yake niseme: watoto wake walikula kwa nyavu hizo, na kuzishona kulimmaliza mgongo. Akaja na kasia mkononi.

"Mama, mnalea mwizi?"

"Amekuibia nini, Baba, na meno hana?"

Wanawake waliokuwa wakianika omena wakacheka. Jirani akaondoka, lakini aliacha neno: meno yakiota, huyo arudi ziwani, la sivyo yeye mwenyewe atamuua.

Tulimnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kitambaa. Baadaye nyanya akawa anamtafunia omena. Yule mtoto wa fisi maji alinuka vibaya na alikojoa kwenye unga, kwa hivyo siwezi kusema sote tulimpenda. Mimi nadhani nilimpenda.

Meno yakaota. Jirani akaja kumchukua Jumapili, akitoka kanisani, na furaha yake hakuificha. Akamrusha majini mbele ya mitumbwi. Hakuna aliyewaza vingine, hata nyanya. Mnyama wa ziwa, nani amfundishe ziwa?

Akazama. Pua ikatokea, ikapotea tena. Nilipiga kelele, lakini kuogelea sikujua. Aliyeruka ni jirani, na shati lake jeupe la kanisani.

Alimtoa kwa ngozi ya shingo, wote wawili wakikohoa.

"Huyu hajui maji!" alisema, kama mtu aliyedanganywa.

"Basi mfundishe," mwanamke mmoja akamwambia. "Wewe ndiye baba yake sasa."

Na akamfundisha. Kila jioni, maji yakimfika magotini, mkono chini ya tumbo la kile kinyama, vile alivyofundisha watoto wake. Ufuo mzima ulimcheka. Alijibu kwamba anataka tu kiende mbali haraka, na labda ni kweli.

Jioni moja mluzi wake ulijibiwa kutoka kwenye mafunjo ya kando ya maji. Kikaogelea kuelekea huko, wala hakikugeuka. Jirani alibaki amesimama majini. Tangu hapo, wavu ukirudi umechanika, alitukana kama zamani, halafu akamalizia, "Haya, mwanangu ameshiba."

Nyanya hayupo tena. Mafunjo walimokaa fisi maji yalikatwa, na mahali pake kuna vibanda vya mabati. Jirani nilimkuta ameketi nje kwake, mzee sasa, wanawe ndio wanaoingia ziwani. Nikamuuliza kama bado anashona nyavu.

"Siku hizi zinarudi nzima," akasema.

Nikangoja acheke. Alikuwa akitazama maji.